Lami Isiyochafua Mazingira Huanzia Mtaroni: Somo la Riruta

Lami inayotandikwa Riruta, magharibi mwa jiji la Nairobi, hupita kwetu kwanza. Tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, lami inayotumika nchini huagizwa kutoka ng'ambo, na lango lake kuu ni bandari ya Mombasa. Hupakiwa kwenye malori, hupita Mariakani na Voi, ikapanda bara takriban kilomita 500 hadi kwenye barabara ambazo wengi wetu tuna ndugu, jamaa au watoto wanaozitumia kila asubuhi.

Fedha za kutunza barabara hizo pia ni zetu sote. Mwenye bodaboda wa Likoni na mwenye matatu wa Kawangware hulipa ushuru uleule wa matengenezo ya barabara: Sh25 kwa kila lita ya petroli au dizeli, tangu ulipopandishwa kutoka Sh18 mwezi Julai 2024. Barabara ya Riruta ikiharibika baada ya misimu michache ya mvua na kutandikwa upya, hasara si ya Riruta peke yake. Meli nyingine imesafiri, mlima mwingine wa mawe umepasuliwa na mafuta mengine yamechomwa, yote kwa kazi iliyokwisha kulipiwa.

Siku hizi yasemwa mengi kuhusu lami inayojali mazingira: ya plastiki, ya matairi makuukuu, isiyochemshwa sana. Baadhi ya mambo haya ni ya kweli na yana faida. Lakini yana mpangilio wake, na katika mtaa kama Riruta la kwanza si teknolojia mpya. La kwanza ni mtaro.

Kilomita moja ina nini ndani yake

Kwa Kiswahili twaita vyote "lami", lakini kuna vitu viwili. Kuna ile gundi nyeusi inayobaki chini mafuta ghafi yanapokwisha kutolewa petroli, dizeli na mafuta ya taa. Watu wa Ghuba waliijua maelfu ya miaka kabla ya magari, maana ilichimbuka yenyewe ardhini nao wakaitumia kuziba mianya ya vyombo vyao. Halafu kuna mchanganyiko unaotandikwa barabarani. Huo, kwa uzito, ni kokoto na mchanga kwa asilimia 95 hivi, na gundi asilimia 5 tu.

Tupige hesabu ndogo. Chukua barabara ya mtaa yenye urefu wa kilomita 1, upana wa mita 6, na lami yenye unene wa sentimita 5. Hiyo ni mita za ujazo 300. Kwa kuwa mita moja ya ujazo wa lami iliyoshindiliwa ina uzito wa tani 2.4 hivi, twapata tani 720: malori 36 ya tani 20. Ndani yake mna takriban tani 36 za gundi iliyotoka ng'ambo. Zilizobaki ni mawe yaliyopasuliwa kwa baruti na kusagwa.

Kisha kuna moto. Kiwanda cha lami ya kawaida hukausha kokoto na kuzichanganya na gundi kwenye joto la nyuzi 150 hadi 170 hivi. Kwa kila tani huchomwa kadiri ya lita 6 hadi 8 za mafuta. Kwa kilomita yetu moja ni kama lita 5,000, kabla hujahesabu malori, mashine ya kutandika na rola.

Moshi wake nao una wenyewe, kwani kuna vijana wanaoshika reki na koleo nyuma ya mashine siku nzima. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya kutandika lami katika kundi la mambo ambayo huenda yakasababisha saratani. Si hukumu ya mwisho, lakini ni sababu tosha ya kutaka moshi upungue.

Sasa angalia hesabu hiyo tena. Ukipunguza moto wa kiwandani kwa robo, umeokoa kitu. Lakini barabara iliyokusudiwa kudumu miaka 15 ikifa baada ya 5, utatandika mara tatu: tani 2,160 za mawe na gundi badala ya 720. Hakuna teknolojia ya kiwandani inayoweza kufidia hasara hiyo. Barabara inayodumu ndiyo inayohifadhi mazingira, kabla ya jambo jingine lolote.

Maji ndiyo adui

Riruta iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kwenye vilima vya udongo mwekundu. Barabara yake kubwa ni ya Naivasha, inayotoka Ngong Road, ikapita Riruta na Kawangware kuelekea Uthiru. Kutoka hapo yamegawanyika matawi ya kwenda Satellite, Kabiria na vichochoro visivyo na majina. Mvua ikinyesha, maji ya mabati ya nyumba zilizosongamana huteremka kwa kasi kuelekea Mto Nairobi upande mmoja na Mto Motoine upande wa pili. Yakikuta mtaro uliojaa taka, au uliofunikwa ili kibanda kipate mahali, njia iliyobaki ni barabara yenyewe.

Mafundi wetu wa vyombo wanalijua jambo hili kuliko mainjinia wengi. Dau hutiwa kalafati kabla ya kuingia maji, si baada ya kuzama. Ubao ni mzima, msumari ni mzima, lakini mwanya wa unene wa uzi watosha kukizamisha chombo. Barabara ni vivyo hivyo. Lami ya juu ni paa tu; nguvu imo kwenye matabaka ya changarawe na mawe chini yake. Maji yakipita kwenye ufa, kwanza huibandua gundi kutoka kwenye kokoto. Kisha hulowesha changarawe ya chini ikawa laini. Kila gurudumu la matatu linapopita huyasukuma maji kwa nguvu, nayo yakirudi juu hutoka na udongo. Utaona tope limechuruzika kando ya ufa. Ukiona hivyo, shimo liko njiani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa msemo huu una bei. Kuziba nyufa kwahitaji gundi kidogo, ufagio na watu wachache kwa siku moja. Kungoja mpaka tabaka la chini lioze ni kung'oa kila kitu, kuleta changarawe mpya na kutandika upya zile tani 720.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 jijini Nairobi yaliwaua watu na kubomoa nyumba, nayo yakaacha barabara nyingi zimechimbika. Wengi walilaumu mvua. Mvua ilikuwa kubwa kweli, lakini maji yaliyokosa mtaro ndiyo yaliyopasua lami.

Kuna na mkono wa binadamu. Barabara hutandikwa leo, kesho kampuni ya intaneti inaikata kupitisha waya, wiki ijayo mtu anaikata kuvuta bomba la maji. Shimo hufukiwa kwa udongo bila kushindiliwa, na hapo maji yamepata mlango. Dawa yake haina gharama kubwa: kabla ya kutandika, mabomba matupu yapitishwe chini kwa chini, wa maji na wa waya watumie hayo.

Tena kuna mzigo. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara haupandi sawa na uzito, bali hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Maana yake ni kwamba lori likizidisha mzigo wa ekseli kwa asilimia 20, madhara yake huwa maradufu. Ndiyo maana mizani ya Mariakani iko pale ilipo. Lakini malori ya mawe ya kujengea, mchanga na maji yanayoingia mitaa ya Riruta, ambako nyumba za kukodisha zajengwa kila siku, hayapiti mizani yoyote kwenye vichochoro hivyo.

Kupunguza moto

Mtaro ukishakaa sawa, ndipo tuingie kiwandani. Hatua ya kwanza ni rahisi mno: paa. Sehemu kubwa ya mafuta ya kiwanda cha lami hutumika kukausha kokoto tu. Kwa makadirio ya mafundi, kila asilimia 1 ya unyevu huongeza mafuta kwa kadiri ya asilimia 10. Rundo la mchanga likilala nje usiku wa mvua, asubuhi kiwanda hulipa kuyachemsha maji. Bati juu ya rundo na sakafu yenye mteremko ni uhifadhi wa mazingira usiohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo.

Hatua ya pili ni lami ya vuguvugu. Huongezwa nta au dawa maalumu, au hunyunyiziwa maji kidogo ili gundi itoe povu, nayo ikaweza kuzishika kokoto kwenye joto la chini kwa nyuzi 20 hadi 40 kuliko kawaida. Mafuta hupungua, mara nyingi kwa moja ya tano au zaidi. Moshi kwa wafanyakazi pia hupungua. Teknolojia hii ilianzia Ulaya katika miaka ya 1990. Durban, bandari mwenzetu wa Bahari ya Hindi, ilianza kuijaribu mwaka 2008.

Kwa Nairobi kuna faida ya ziada ambayo Ulaya hawaifikirii sana: msongamano wa magari. Lori la lami ya moto likikwama Ngong Road, lami hupoa njiani, na ikipoa chini ya kiwango rola haiwezi kuishindilia vizuri. Hubaki na vitundu, na vitundu ni njia ya maji. Lami ya vuguvugu hubaki laini kwa muda mrefu zaidi, hivyo yaweza kustahimili foleni na ile baridi ya Julai.

Ya tatu ni lami baridi. Gundi huvunjwavunjwa kuwa chembe ndogo ndani ya maji, ikawa kama tui jeusi, na huchanganywa na kokoto bila kuchemshwa. Maji yakikauka, gundi hubaki imeshika. Nchini Kenya imetumika katika mpango wa Roads 2000, uliowaajiri wakazi kuliko kutegemea mashine kubwa. Vijana wa mtaani waweza kuitandika kwa reki na rola ndogo. Haifai kwa barabara ya malori mazito, nayo yahitaji siku kavu ili ikauke. Kwa kichochoro cha Kabiria kinachopita bodaboda na gari dogo, ni bora kuliko pipa la lami linalochemshwa juu ya kuni kando ya barabara, moshi ukiingia madirishani kwa watu.

Lami kuukuu si taka

Barabara ikikwanguliwa, ule unga mweusi na vipande vyake mara nyingi humwagwa kando au kufukiwa kwenye mashimo ya vichochoro. Ndani yake kokoto ni nzima, na gundi bado imo, ingawa imekuwa ngumu kwa jua na miaka. Kwenye kilomita yetu ya mfano, tukitumia asilimia 20 ya lami kuukuu, tumepunguza tani 144 za malighafi mpya, na katika hizo karibu tani 7 ni gundi ambayo haikuhitaji kuvuka bahari.

Marekani hutumia tena zaidi ya tani milioni 80 za lami kuukuu kila mwaka, wastani wa moja ya tano ya kila mchanganyiko mpya. Japani karibu yote hurudishwa kazini. Si jambo la majaribio tena.

Lina masharti lakini. Gundi iliyozeeka hupasuka upesi, kwa hivyo kiwango kikipanda ni lazima kuichanganya na gundi mpya iliyo laini zaidi. Ulaini hupimwa kwa sindano: huachwa ishuke ndani ya lami kwa sekunde 5 kwenye joto la nyuzi 25, na namba ikiwa kubwa lami ni laini. Lami inayofaa joto la Mombasa si lazima ifae usiku wa Riruta. Ndiyo maana maabara za idara ya serikali ya kupima vifaa vya barabara, zilizoko Industrial Area, Nairobi, zina umuhimu kuliko tangazo lolote la teknolojia. Lami kuukuu isiyopimwa ni kubahatisha kwa pesa za umma.

Plastiki na matairi

Plastiki ndiyo inayopendwa na wanasiasa, maana inapiga picha vizuri. Asili yake ni kazi ya mwanakemia Rajagopalan Vasudevan wa chuo cha uhandisi cha Thiagarajar, Madurai, India. Yeye hunyunyiza plastiki iliyokatwakatwa juu ya kokoto za moto ikazivika utando, ndipo gundi itiwe. Mwaka 2015 serikali ya India iliagiza plastiki itumike katika barabara zilizo karibu na miji mikubwa. Nchini Afrika Kusini, mwaka 2019 zaidi ya mita 400 zilitandikwa Cliffdale, karibu na Durban, kwa plastiki ya takriban chupa 40,000 za maziwa.

Kokoto iliyovikwa hivyo hushikana vizuri na gundi na kustahimili maji. Lakini si kila plastiki inafaa. Ile ya mabomba ya PVC ikichomwa hutoa gesi ya sumu, kwa hivyo huwezi kuokota chochote jaani ukatia sufuriani. Pia kuna wasiwasi kwamba barabara ikilika, chembe za plastiki zitaingia mitoni. Na mito ya Nairobi huishia Athi, Galana na mwisho baharini kwetu, Sabaki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Itakuwa ajabu kuiondoa madukani tukaimwaga baharini kwa njia ya barabara.

Plastiki yaweza kufaa zaidi mahali pa mwendo mdogo. Hapo hapo Nairobi, Nzambi Matee na kampuni yake ya Gjenge Makers huchanganya plastiki na mchanga wakatengeneza matofali ya kutandika njia. Umoja wa Mataifa ulimtuza mwaka 2020. Njia za miguu za Riruta, ambako watoto wa shule hutembea barabarani kwa kukosa kando, zingeanza na matofali kama hayo au na kabro. Ubora wa tofali ni kwamba ukitaka kupitisha bomba unaling'oa na kulirudisha.

Raba ya matairi ina historia ndefu zaidi. Phoenix, Arizona, imetumia lami ya raba tangu miaka ya 1960, nayo hupunguza nyufa. Yahitaji mitambo na ukaguzi. Huku kwetu tairi kuukuu hukutana na lami kwa njia nyingine kabisa: kuchomwa juu yake siku ya maandamano. Moto huo huiyeyusha gundi, na pale palipochomwa ndipo shimo la mvua ijayo.

Nani aulizwe

Barabara kubwa za jiji ziko chini ya KURA, iliyoundwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, na ndogo za mtaani ni za kaunti. Kati yao kumekuwa na mvutano juu ya mgao wa ushuru wa mafuta. Mwaka 2025 serikali ilitenga Sh7 katika kila Sh25 za ushuru huo kuwa dhamana ya mkopo wa kulipa madeni ya wakandarasi. Wakandarasi wana haki ya kulipwa. Lakini shilingi inayolipa deni la jana haizibi ufa wa leo, na ufa usiozibwa leo ni deni la kesho.

Tatizo jingine ni namna ya kulipa. Mkandarasi anayelipwa kwa tani alizotandika hana sababu ya kupenda barabara idumu. Kuna mikataba mingine, nayo imekwisha kutumika Kenya, ambapo mkandarasi hulipwa kila mwezi kulingana na hali ya barabara: mitaro i wazi, mashimo hakuna, nyufa zimezibwa. Huyo atazibua mtaro mwenyewe, kwa kuwa shimo ni hasara yake.

Mwananchi naye ana nguvu ya kisheria. Kifungu cha 42 cha Katiba chatupa haki ya mazingira safi, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yaturuhusu kudai nyaraka. Mradi ukiletwa Riruta, au Mtwapa, au Kisauni, maswali ya kuuliza kwenye kikao cha umma ni haya:

- Maji ya barabara hii yataishia wapi, na nani atazibua mtaro baada ya mwaka mmoja?
- Mabomba ya waya na maji yamepitishwa chini kabla ya kutandika?
- Lami ya zamani itakayokwanguliwa itapelekwa wapi?
- Kiwanda cha lami kiko wapi, kina kibali cha NEMA, na kokoto zake zimeezekwa?
- Mkandarasi atawajibika kwa nyufa kwa miaka mingapi?

Ukijibiwa vizuri maswali hayo matano, basi hata wakitaja plastiki au raba, wasikilize. Watakuwa wanajenga juu ya kitu. Ukijibiwa la tano tu kwa kigugumizi na la kwanza kwa kimya, jua kwamba lami hiyo, iwe ya kisasa namna gani, itarudi tena Kilindini kuagizwa upya kabla mtoto aliye darasa la kwanza hajamaliza msingi.